Mama Matukio Anarudi Mstarini

Tarehe 31 Mei 2003, Bi. Ottilia Hyera, Mratibu wa Sanaa na Utamaduni wa chuo chetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Siku hiyo ndiyo pia kilele cha Wiki ya Utamaduni, na kwa kuwa ratiba ya wiki nzima ameipanga yeye, ni wazi kwamba mama huyu amejipangia hata kuagwa kwake. Anayemfahamu hatashangaa.

Alikuja hapa mwaka 1980 kama karani mpiga chapa, wakati chuo kilipokuwa bado kinafundisha walimu wa shule za msingi tu. Alitoka Ngumbo, kule ziwani, akiwa na mkeka, sanduku la bati na kikapu cha dagaa wakavu. Sisi Wamatengo wa huku milimani tulimcheka, maana wiki ya kwanza alikuwa akitazama milima kila upande na kuuliza watu wa huku wanaogea wapi. Yeye naye alitucheka kwa kuvaa sweta mchana. Utani huo haujaisha mpaka leo, na dagaa wake tumewala miaka yote bila aibu.

Ofisa utamaduni wa zamani alipohamishwa, hakuletwa mwingine. Ulikuwa wakati wa ruksa: Serikali ilikuwa inajitoa kidogo kidogo na kila mtu aliambiwa ajitafutie. Bi. Ottilia alikabidhiwa ufunguo wa stoo ya ngoma "kwa muda", na muda huo ndio unaokwisha Jumamosi hii. Idara yake ilikuwa meza moja, kabati moja lisilofunga vizuri, na yeye mwenyewe.

Watu wengi hawajui kwamba Wiki ya Utamaduni haikuzaliwa mwezi wa Mei. Kamati ya kwanza iliiweka Julai, watu wote wakiwa shambani wanachuma kahawa, na ngoma zikachezwa mbele ya walinzi na mbuzi wa jirani. Mwaka uliofuata kamati ikajirekebisha kwa kuipeleka Machi, ikagonga Kwaresima, na Padre hakuhitaji kusema mengi. Ni Bi. Ottilia aliyekwenda parokiani kuomba wiki ya mwisho ya Mei. Padre alimkumbusha kwamba huo ni mwezi wa Bikira Maria. Akajibu kwamba rozari itatangulia na ngoma itafuata, na ndivyo tunavyofanya hadi leo.

Jina la Mama Matukio alilipata kwa sababu ya ubao. Aliusimamisha getini, akaandika kwa herufi kubwa MATUKIO YAJAYO, na chini yake maigizo, kwaya na ngoma za muhula. Siku ya pili akaja askari polisi na daftari lake. Kwa mazoea ya redioni, tukio ni lori kupinduka au duka kuvunjwa, na yeye alitaka kujua chuo kimepata wapi habari za matukio kabla hayajatokea. Bi. Ottilia alimkaribisha chai, akamweleza, akampa na nafasi ya mbele kwenye maigizo. Askari huyo hakukosa onyesho hata moja mpaka alipohamishwa.

Hatuwezi pia kuacha habari ya Dokta. Vikundi vya ngoma ya mganda, kama watu wa ziwani wajuavyo, vina vyeo vyao: kuna Kingi, kuna Kaputeni, na kuna Dokta anayevaa koti jeupe na kuwahudumia wachezaji. Mwaka tulipopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki, ofisi moja hapa chuoni, ambayo haina haja ya kutajwa, iliona kwenye orodha ya wageni jina la Dokta Nathanieli, ikampangia kiti mstari wa mbele katikati ya wahadhiri wenye majoho. Mzee Nathanieli alikaa kwa adabu zote, kisha akamgeukia dokta wetu wa historia na kumuuliza yeye anatibu kikosi gani. Wasiwasi ulipotanda, ni Bi. Ottilia aliyecheka wa kwanza, na akasema mzee abaki hapo hapo. Alibaki.

Huyo ndiye Mama Matukio wa kila siku. Lakini lipo jambo moja alilotaka limalizike kabla hajaondoka, nalo halikuwa la kuchekesha.

Mwaka 1994 kahawa ilipata bei, na kampuni moja ya wanunuzi binafsi ikajitolea kudhamini Wiki ya Utamaduni. Ilileta kofia, vipaza sauti na sharti moja: kila ngoma ichezwe dakika kumi, ili matangazo yapate nafasi. Bi. Ottilia alikubali. Tulikuwa hatuna hata mafuta ya gari la kuleta vikundi, na vibanda vya video vilikuwa vimeshawachukua vijana wetu. Akapewa filimbi ya kusimamia muda.

Kikundi cha Ngumbo kilikuja na kioda, ngoma ya akina mama, wote wamevaa magauni meupe na vitambaa kichwani. Kiongozi wao ni Bi. Luisa, dada yake mkubwa Bi. Ottilia, na Bi. Ottilia mwenyewe alikuwa amecheza katika mstari wao tangu usichana wake. Kioda haina haraka. Wachezaji huanza kwa kusalimia: wenyeji, wazee, wafiwa kama wapo, kila mmoja kwa ubeti wake. Dakika kumi zilikwisha wakiwa bado kwenye salamu. Bi. Ottilia akapuliza filimbi.

Bi. Luisa alisimamisha ngoma, akawageuza wenzake, wakatoka uwanjani kwa mstari ule ule hadi kwenye lori. Hakuna aliyepandisha sauti. Lori likateremka kuelekea ziwani, na mdogo mtu akabaki getini na filimbi yake. Inauma kukatizwa na mgeni. Kukatizwa na mdogo wako katikati ya salamu ni zaidi ya kuuma.

Kuanzia hapo dada wawili hawa walionana kwenye misiba na harusi, wakapikiana na kuuguzana, lakini habari ya ngoma haikutajwa. Kila Mei Bi. Ottilia aliandika ubaoni "Kioda, Ngumbo", na kila Mei alifuta siku moja kabla. Wanafunzi wasiojua kisa walitania kwamba Ngumbo ni kama bei nzuri ya kahawa, kila mwaka inakuja. Yeye alicheka nao. Mimi niliyekaa naye ofisi moja, meza yangu ya Kiswahili kando ya yake, nilimwona akishika kile kitambaa cha kufutia, na hakuwa anacheka.

Mwaka huu hakutuma barua. Baada ya Pasaka aliniomba nimsindikize, tukateremka Ngumbo kwa pikapu ya chuo. Tulimkuta Bi. Luisa akianika muhogo juu ya mawe. Tulimwamkia, akaitikia, akatupatia kazi, tukaanika. Jioni akina mama wa kikundi walipokusanyika, Bi. Ottilia alipiga magoti mbele yao wote, akasema kwamba alikosa. Hakutaja kampuni, wala mafuta ya gari, wala vibanda vya video. Alisema aliwakatiza watu wa kwao wakiwa wanasalimia, na kwamba hajawahi kupata usingizi mzuri wiki ya mwisho ya Mei.

 Bi. Luisa akamwambia: "Tutakuja. Ila na wewe ucheze. Hatuendi huko juu kutazamwa na ndugu yetu." Akina mama wakapiga vigelegele, na dada wawili wakalia bila kuficha. Na mimi nililia, ingawa jambo hilo halikuwa la kwetu.

Tangu siku hiyo, wenzetu mnaopita karibu na stoo ya ngoma saa ya chakula cha mchana na kusikia vishindo, hakuna wezi humo, ni Mama Matukio anajikumbusha hatua za kioda. Kwa kuwa ameacha miaka mingi, amepangwa nyuma kabisa pamoja na wasichana, na magoti yanalalamika. Gauni ameshashona.

Kamati ilimwandalia kiti kando ya Mgeni Rasmi, na hotuba tano za kumsifu. Amekataa kiti, na hotuba ameomba zisomwe asubuhi mapema. Kwa hiyo, wageni wetu, msimtafute jukwaani Jumamosi alasiri. Kioda ya Ngumbo itaanza baada ya chakula na haikupangiwa mwisho.

Mama Matukio, tunakushukuru kwa vicheko, kwa dagaa, na kwa kila jioni uliyotutoa majumbani tukaonana sura. Mungu akujalie afya, amani na uzee usio na upweke. Jumamosi ngoma ikiisha, usirudi ofisini. Kabati tutalifunga wenyewe. Lori litakuwa linasubiri, na nafasi yako ipo. Panda na dada zako, mteremke nyumbani.

Gaudiosa Kapinga
Idara ya Kiswahili