Nafasi ya Mawimbi

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya geti la nyuma la chuo kikuu. Mwenye kahawa hapo ni Mama Birika, na wateja wake wote wana kazi zao, ila ukiwaona saa nne asubuhi huwezi kuamini. Solda anatengeneza redio na simu kwenye kibanda cha jirani. Mnara hupanda minara ya mtandao, na tangu aanze kupanda huko juu hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Nusu ni msomi wa humo ndani. Walimpa jina hilo kwa sababu udaktari wake wa falsafa ulifika nusu ukagoma. Na alikuwepo Mawimbi, binti wa maabara, ambaye alikuwa akikaa pembeni kabisa na kikombe kimoja asubuhi nzima, akipima mtandao. Alifariki kabla ya mvua, homa ya siku chache tu. Kidude chake cha kupimia bado kimegongomelewa juu ya dirisha la Mama Birika, kinawaka taa ya kijani, na ile pembe ya benchi mpaka leo haikaliwi.

Siku hiyo Nusu alikuja na kompyuta kwapani na uso uliovimba kwa hasira.

— Jarida limeikubali makala yetu, alisema, akakaa.

— Hongera! Solda akapiga makofi. Mama Birika, mmwagie daktari kahawa!

— Hongera ya nini? Kila mwandishi ametumiwa barua pepe athibitishe kwamba jina lake ni lake na kazi ni yake. Wote wamethibitisha. Amebaki mmoja.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Makala ilikuwa ya Mawimbi tangu mwanzo: yeye ndiye aliyewaza jinsi mawimbi ya mtandao yanavyopinda kwenye kuta za mitaa kama hii, yeye aliyeunga vile vidude kimoja kimoja, yeye aliyeifundisha kompyuta kubashiri mtandao utakatika wapi kabla haujakatika. Nusu alifanya hesabu zilizobaki, na hilo hajawahi kulificha.

— Si muwaandikie kwamba amefariki? Mama Birika aliuliza. Huko kwenye majarida watu hawafi?

— Nilimwambia Profesa, msimamizi wetu wa maabara, hivyo hivyo, mama. Akasema hayo ni mambo ya vyeti na barua, yatachukua miezi, na kamati ya kupandisha vyeo inakaa karibuni. Akasema marehemu hahitaji cheo. Ametengeneza orodha mpya ya waandishi. Mawimbi hayumo. Nafasi yake, ile ya kwanza, amewekwa Mkuu wa Kitivo.

— Huyo Mkuu alifanya nini kwenye hiyo kazi? Solda aliuliza.

— Aliwahi kuingia maabara kuazima chaja.

Solda alicheka, halafu akaona Nusu hacheki, akaweka kikombe chini.

— Sasa wanataka nini kwako? alisema Mama Birika.

— Mimi ndiye niliyeituma makala, kwa hiyo mimi ndiye wa kuithibitisha orodha. Mwisho saa sita mchana. Nisipothibitisha, makala inafutwa, na udaktari wangu unaondoka nayo. Nikithibitisha, haibadiliki tena, imeandikwa hapa kwa herufi nyekundu.

Aliigeuza kompyuta waione. Wote wakainama kuangalia, kama watu wanaochungulia kisima.

Solda ndiye aliyepata wazo. Fundi simu kila tatizo kwake ni simu.

— Barua yake ya kuthibitisha iko kwenye barua pepe yake, sivyo? Bonyeza pale penye umesahau neno la siri. Watatuma namba kwenye simu yake. Tukizipata, tunaingia, tunamthibitishia. Jina lake linabaki.

— Huo si udanganyifu? alisema Nusu.

— Na Mkuu wa chaja je, huyo ni ukweli?

Nusu alibonyeza. Maandishi yakatokea: namba za siri zimetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Kwa muda mfupi benchi zima lilishusha pumzi.

— Mmepoteza muda, alisema Mnara. Laini isiyotumika kampuni inaifunga, namba anapewa mwingine. Sasa hivi namba ya Mawimbi iko kwa muuza vitunguu huko, anashangaa anatumiwa nini. Mimi nafanya kazi na watu hawa.

— Ipigie basi, tujue, alisema Solda.

Nusu alitoa simu yake. Jina la Mawimbi lilikuwa bado limo, na picha yake, amefunga kilemba na kushika waya mdomoni. Alilitazama mpaka kioo kikajizima.

— Siwezi, alisema. Nimpigie marehemu? Halafu aitikie muuza vitunguu? Siwezi, jamani, msinilazimishe.

— Usijitese, alisema Mnara. Nimekwambia imefungwa.

Na kwa kuwa Mnara alisema kwa sauti ya mtu anayejua, wakaamini. Ndivyo kijiwe kinavyokwenda: mwenye sauti ndiye mwenye hoja. Mama Birika akamwaga kahawa nyingine, na mazungumzo yakaanza kupaa.

— Hii ni fizikia tu, alisema Solda. Jina kubwa lina uzito. Likikaa karibu na kazi, kazi yenyewe inalifuata. Mkuu wa Kitivo hakuiba kitu, alisimama tu jirani.

— Wewe bado uko shule ya msingi, Mnara akamkata. Siku hizi makala zinaandikwa na kompyuta na zinasomwa na kompyuta nyingine. Binadamu wanahitajika kwenye kupanda cheo tu. Na huyo Profesa, nani amewahi kumwona akila? Ni mashine. Wameifundisha kusaini.

— Nimemwona akila, alisema Mama Birika. Hapa hapa. Akaondoka bila kulipa, kana kwamba nilimkaribisha mimi.

— Haya, nisikilizeni, Solda akasimama kabisa. Wanafizikia wanasema sehemu kubwa ya ulimwengu haionekani. Ipo, inashikilia nyota zisitawanyike, lakini ukiitafuta huioni. Wanahangaika mwaka nenda mwaka rudi. Mimi ninayo sababu. Hiyo isiyoonekana ndiyo iliyofanya kazi. Hizi nyota tunazoziona ni wakuu wa vitivo!

Walicheka mpaka Mnara akamwagikiwa kahawa gotini. Nusu peke yake hakucheka. Alikuwa akimfikiria mkewe, aliyeacha zamani kumuuliza atamaliza lini, na alikuwa akimfikiria Mawimbi, akimwona pale pembeni, akisema "ngoja kidogo, kinapima." Akajichukia, akamchukia Profesa, akalichukia na benchi lenyewe kwa kucheka. Saa ya msikiti wa ng'ambo ilikuwa inakaribia sita. Kidole chake kikabonyeza thibitisha.

— Nimebonyeza, alisema.

Kicheko kikakatika.

— Basi, alisema Mnara taratibu. Ungefanyaje? Una familia.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Nusu, yakatoka matone mawili, kisha masimbi, mashapo matupu ya kahawa.

Ndipo alipotokea mzee mmoja kutoka upande wa geti, mwembamba, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni, nyuzi zimemganda kwenye shati. Alikuwa amebeba kitu kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba yai.

— Hodi wanangu. Mlinzi ameniambia hapa nitawapata waliokuwa wakifanya kazi na binti yangu. Yule wa vidude.

— Shikamoo, mzee, walisema kwa pamoja. Solda akampisha, lakini mzee alikwenda kukaa pembeni kabisa, mahali palipokuwa wazi.

— Marahaba. Sitawachelewesha, nimeacha cherehani wazi.

Akakifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na simu, kioo chake kikiwaka, chaji imejaa.

— Hii ni ya mwanangu. Sikuizima. Kila usiku naichaji, na vocha naiweka laini isifungwe. Wenzangu sokoni wananiona nimerukwa na akili. Lakini nilijua tu, kazini watamtafuta. Alikuwa na kazi kubwa, aliniambia jina lake litatangulia.

Mnara aliangalia viatu vyake.

— Leo asubuhi imelia. Si simu ya kupigwa, ni ujumbe. Namba tupu, sijui za nini. Nikaacha nguo ya mtu mezani nikaja mbio. Mbio zangu ndizo hizi, mniwie radhi.

Akamnyooshea Nusu ile simu kwa mikono miwili.

— Ni nani anayemtafuta mwanangu?

Nusu alifunga kompyuta. Solda alijifanya anatafuta kiberiti. Juu ya dirisha taa ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima, inapima.

— Hamumjui? Haidhuru, alisema mzee, akiifunika simu vizuri. Mkimpata, mwambieni asikate tamaa. Siizimi.