Mlingoti Alivyotoka Dakika ya Sabini

Benchi letu limeegemea ukuta wa saluni, mguu mmoja umechomekewa tofali. Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo. Nilikuja siku moja kupumzisha birika, na huu ni mwaka wa tisa. Asubuhi ile walikuwa watatu. Kinyozi, mwenye saluni. Dobi, anayefua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa. Na Refa, karani mstaafu wa posta ambaye hajawahi kuchezesha mechi hata ya watoto, ila kila ubishi lazima autolee uamuzi. Hatua mbili pembeni, ndani ya kibanda chake, alikuwepo fundi viatu. Jana yake timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka kumi na saba ilikuwa imeshinda tatu bila huko nchi jirani, ikachukua nafasi ya tatu kwenye mashindano ya kanda. Mawili alifunga Mlingoti, mtoto wa fundi huyu. Mtaa ulikuwa umeridhika. Kilichowakera ni kimoja tu: dakika ya sabini Mlingoti aliinama, akashika mguu, akanyoosha mkono kwa kocha, akatoka nje.

Kinyozi: Mimi nasema kocha ana wivu. Mtu ana mawili, la tatu lake linanukia, unamtoaje?

Refa: Hakutolewa. Aliomba mwenyewe. Mkono ule sote tuliuona.

Kinyozi: Aliomba kwa sababu aliambiwa aombe. Mimi makocha nawajua, nina wateja makocha.

Refa: Mteja wako ni yule wa mbio za magunia pale shuleni.

Kinyozi: Kocha ni kocha. Kichwa chake nakinyoa mimi.

Dobi: Nyie hamuoni mbali. Pale ni mifupa. Siku hizi wanapiga picha kiganja kujua umri. Mtoto ana futi sita, wapinzani wakaanza kunong'ona, akaona atoke kabla hajaitwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Refa: Mvungu uko wapi hapo?

Dobi: Kwa urefu ule, dunia nzima ni mvungu.

Refa: Picha alipigwa kabla ya safari, na cheti cha kuzaliwa mama yake alikileta hapa hapa tukakisoma. Miaka kumi na sita na miezi minne. Dai limetupwa.

Kinyozi: Basi ni mawakala. Jukwaani palikuwa na mzungu ana kofia pana, namwona anaandika. Akampa ishara, kijana toka usije ukaumia, tumeshakuona. Mcheza kwao hutunzwa.

Refa: Jana hakuwa kwao.

Kinyozi: Ndiyo nasema. Akienda mbali zaidi atatunzwa zaidi.

Nikawaongezea kahawa. Dobi alikunywa funda moja, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya ndoa.

Dobi: Zile nyasi zilimwagiwa dawa. Nguo ndiyo kazi yangu, msinibishie. Jezi zilikuwa zinabadilika rangi magotini, niliona kwenye runinga. Dawa ikipenya soksi, usingizi unaanzia vidoleni.

Refa: Na wenzake kumi mbona hawakutoka?

Dobi: Wale walishalala tangu kipindi cha kwanza. Hukuona pasi zao?

Tulicheka, isipokuwa fundi. Tangu nifike alikuwa anagonga kisigino kimoja, msumari ule ule.

Refa: Fundi, wewe si uliongea naye jana?

Fundi: Dakika moja. Simu zote anakaa nazo kocha. Alisema, nilichoka tu, baba.

Kinyozi: Mlingoti kuchoka? Yule aliyepandisha tangi la maji juu ya paa langu peke yake?

Fundi akaweka nyundo chini.

– Ni soli, akasema.

Hakuna aliyemwelewa.

– Viatu vile nilivitengeneza mimi. Soli ya kulia ilikuwa inaachia. Mama yake akasema tumnunulie vipya, nikamjibu, sasa kazi yangu ni ipi? Nikatia gundi, nikashona nyuzi mbili. Jana nikamwona anainama anashika mguu ule ule. Atanipigia aniambie, baba, kiatu chako kimeniaibisha mbele ya nchi sita? Hawezi. Atasema amechoka.

Nadharia zikaisha hapo. Kinyozi alitazama miguu yake.

– Fundi, hivi viatu vyangu ulivishona mwaka gani?

– Sikumbuki.

– Na mimi sikumbuki, na havijaachia mpaka leo. Basi.

Fundi alitabasamu kidogo, tabasamu la kumridhisha mwenzake, akaokota nyundo.

Ndipo lori la saruji likasimama ng'ambo, likawasha taa za hatari. Akashuka dereva, shati limeganda mgongoni, akavuka hadi kwetu.

– Habari za hapa, wazee. Namtafuta fundi viatu, baba yake yule namba tisa.

Fundi akasimama, akijifuta mikono kwenye aproni.

– Ni mimi.

– Mimi ni baba yake namba kumi na nane.

Refa, anayejua mpaka majina ya washika vibendera, alikuna kidevu.

– Hamuwezi kumkumbuka, dereva akasema. Ndiye aliyeingia dakika ya sabini. Mashindano yote mwanangu alikuwa hajagusa mpira. Yeye na wako wanalala chumba kimoja. Mapumzikoni wako akamwendea kocha, akamwambia, tukifikisha matatu, mwenzangu aingie nafasi yangu. La tatu likapatikana, akatoka. Jana kila mtoto alipewa dakika moja ya simu. Wangu dakika yake nzima alimwongelea mwanao, na mtaa wenu huu akanitajia.

Fundi: Na kiatu?

Dereva: Kiatu kipi?

Fundi: Aliinama, akashika mguu.

Dereva: Alikuwa anavua vile vikinga vya ugoko. Vya mwanangu vilipasuka mazoezini, na bila vikinga mwamuzi hakuingizi. Alimwachia vyake pale mstarini.

Fundi akarudi kukaa, taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa kichwani asiumwage. Nikampa mgeni kikombe. Alikunywa amesimama.

– Jana wakati wa mechi nilikuwa mgahawani njiani, akasema. Nikawaambia watu, huyo anayeingia ni wangu. Hawakuniamini mpaka waliponiona nalia.

Akanirudishia kikombe, akamgeukia fundi.

– Nimeacha barabara kuu saa nzima nije niulize kitu kimoja, ndugu yangu. Mtoto yule mmemlea vipi? Nyumbani nina mwingine, ana miaka minne. Nataka nianze mapema.

Dobi alichungulia ndani ya kikombe kitupu. Tulimtazama Refa, maana uamuzi ni wake, naye akamtazama fundi. Fundi alifikiri kwelikweli. Nilimwona anavyopekua miaka kumi na sita, mmoja baada ya mwingine.

– Wallahi sijui, akasema mwishowe. Ila mama yake yuko nyumba ya tatu pale. Twende tukamuulize.

Wakaongozana. Nasi tukainuka, benchi zima, tukawafuata, maana hata sisi tulitaka kujua.