Mzee Ipoe Anaondoka, na Rejeta Bado Zinachemka

Mmepotelea wapi nyinyi madereva? Magari ya wagonjwa yakitembea vizuri, basi karakana haina tena watu wa kusalimiwa! Mpaka msikie kuna sherehe ndipo mnakumbuka njia. Haya, kaeni mjisomee, maana huyo anayewafanya msituone anastaafu mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Tunamwita Mzee Ipoe. Jina mlimpa nyinyi wenyewe, kwa hasira, kwa sababu kila aliyeingia hapa na injini inayotokota aliambiwa neno hilohilo: iache ipoe. Alianza kwa kuosha magari, akawa fundi, akaishia mkuu wa mafundi, na tabia yake moja hajaiacha. Jioni hutandika kipande cha boksi chini ya kila gari. Asubuhi, hata hajasalimia watu, ameshainama anatazama. Doa jeusi ni oili. Doa la kijani ni maji ya rejeta, na hapo gari haliendi popote. Atabinya hozi moja moja, atavuta mkanda wa feni, atasugua rejeta iliyojaa wadudu kwa brashi laini. Mimi mpika chai wenu ndiye ninayefua maovaroli yake, na mifukoni sijawahi kukuta kitu zaidi ya vibano vya hozi na biskuti zilizolowa.

Kuna siku alimnyang'anya dereva ufunguo akaukalia mpaka injini ikapoa, mwenzake amesimama pale anatukana kimoyomoyo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka jana hatukucheka. Gari liliingia mchana, mshale wa joto umelala kwenye nyekundu, nyuma kuna mama mwenye uchungu analia. Mjukuu wangu, ambaye Mzee Ipoe amemfundisha kazi, ndiye aliyekuwa zamu. Dereva akamfokea, "Wewe dada, fungua uongeze maji, mtu anakufa humu!" Binti akashika tambara, akauzungusha mfuniko wa rejeta. Nikamwona Mzee Ipoe anakimbia, mtu ambaye hata mvua haimkimbizi. Alitia mkono wake kati ya uso wa mjukuu wangu na mvuke uliofoka. Maji yaliruka mpaka kwenye bati. Yule mama alihamishiwa gari lingine, akajifungua salama. Mkono wa mzee ulibambuka ngozi kutoka kiwiko mpaka kiganjani, naye akauliza jambo moja tu: "Uso umepona?"

Mwezi ujao mjukuu wangu ndiye atakayeshika nafasi yake. Kazi anaiweza, hapo sina neno. Lakini naogopa, wanangu. Breki zikilia getini, naweka birika chini natoka kuchungulia. Naogopa haraka zenu na makelele yenu, na mkono ule hautakuwepo.

Mzee wetu, ahsante. Mjukuu wangu anajitazama kwenye kioo kwa sababu yako. Nenda ukale ushibe, ulale mpaka jua likuchome, umsumbue mkeo kidogo, naye akuvumilie. Siku zako ziwe njema na ndefu.

Na nyinyi, mkija tena na gari linachemka, zimeni injini hapohapo getini. Kama mgonjwa yumo, ombeni gari lingine. Binti akiwaambia bado ni moto, fungeni midomo, mje kwangu mnywe chai.