Mwalimu Umejuaje na Cherehani ya Mkewe

Ndugu, jamaa na majirani, mzee tunayemsindikiza leo alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyelitumia ila benki. Wanafunzi walimwita Mwalimu Umejuaje, na jina likamganda. Ulikuwa huwezi kumwambia chai imepoa, mvua inakuja au jirani ana kiburi bila kuulizwa, kwa upole kabisa, "Umejuaje?" Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa mwisho, huyu anayewasomea, naye ameonywa na mama yake asiweke humu neno lisilo na ushahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa fundi wa injini na mama aliyefulia watu nguo. Mama huyo alikuwa akisema maziwa hufurika ukiyapa mgongo tu. Siku moja mtoto akaketi mbele ya jiko. Sufuria ya kwanza akaikodolea macho, ya pili akaipa mgongo. Zote mbili zilifurika. Mama yake akarudi akakuta mkaa umezimika na mtoto anashangilia: "Mama, hata ukiyatazama yanamwagika!" Alichapwa vizuri tu, na mpaka uzeeni aliiita siku hiyo utafiti wake wa kwanza.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1961 na sekondari mwaka 1965, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1967. Baadaye, akiwa tayari baba wa mtoto mmoja, alikwenda chuo kikuu na kupata shahada mwaka 1978.

Kuanzia mwaka huo hadi alipostaafu, 2006, alifundisha Mbinu za Utafiti katika chuo cha ualimu. Wanafunzi wake waliopo hapa wanalikumbuka bomba la uani lililokuwa likivuja. Aliwatoa darasani wakalizunguka. "Ukitaka kujua kwa nini linavuja, kwa hamu ya kujua tu, huo ni utafiti wa msingi. Ukitaka liache kuvuja, huo ni utafiti tumizi. Ukipima maji yanayopotea, unafanya utafiti wa takwimu. Ukikaa na wanaochota ukawasikiliza wanavyoishi nalo, huo ni wa maelezo. Maktabani utasoma habari za waliovujiwa kabla yako. Uwandani utakuja hapa ulowe viatu."

"Na huo tumizi tunaanza lini, Mwalimu?" akauliza mmoja. "Maana bomba hili tumelikuta, na tunaliacha." Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Jumamosi yake alionekana uani na spana, suruali imekunjwa, akilitengeneza mwenyewe.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulifanyia mzaha. "Utafiti," alikuwa akisema, "ni kuuliza kwa mpango, kutafuta ushahidi, na kulipokea jibu hata likikuumiza. Ukiiacha hiyo ya tatu, basi umepiga soga."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, naye Mwalimu alimpatia kwenye benchi la duka lake la ushonaji. Alipeleka suruali ipunguzwe kiuno, akairudisha, akairudisha tena.

"Fundi, naona bado inapwaya."

"Mwalimu, wewe hukuja kwa ajili ya suruali."

"Umejuaje?"

"Nikiipunguza tena itamfaa mtoto. Na tangu uketi hapo hujaitazama hata kidogo."

Walioana tarehe 20 Aprili 1974. Alipenda kusimulia kwamba kabla hajamzoea sura alishamzoea kanyagio la cherehani: fundi huyo alikanyaga haraka haraka, kisha akaliachia gurudumu lizunguke lenyewe mpaka lisimame, akashusha pumzi, ndipo akaanza tena. Watoto wao watatu walilala kwa mlio huo. Jamani, nyumba ile! Upande huu cherehani, upande huu baba anasahihisha kazi za wanafunzi na kidole chake kinagonga meza, kikifuata cherehani bila yeye kujua.

Maradhi ya kusahau yalimwanza mwaka 2017. Kwanza zilipotea funguo, halafu njia ya dukani, halafu majina yetu. Kufikia mwaka 2021 aliacha kusema. Daktari alituambia kwamba Baba hatambui tena aliye karibu naye. Kaka mkubwa, kwa nia njema kabisa, akaamua kumchukua akakae kwake, mji mwingine, kwenye chumba kikubwa na muuguzi. Mama miguu ilikuwa imevimba. "Mama, umechoka," alisema. "Na yeye hajui kama uko au haupo."

Mama akainua macho kutoka kwenye kitambaa. "Umejuaje?"

Binti yake wa mwisho akasema basi jambo hilo lipimwe, kama baba alivyofundisha. Mama aliogopa, na alilisema waziwazi: "Na mkikuta hanijui?" Hakuna aliyethubutu kumdanganya. Kaka akajibu, "Ataondoka na mimi, Mama." Mama akapiga moyo konde, akakubali.

Wakatundika shuka kati ya kitanda na cherehani. Akaanza kushona fundi mwenzake Mama wa duka la jirani. Mzee akaendelea kuchezea blanketi, macho darini. Kisha akaketi Mama, bila kusema wala kukohoa. Akakanyaga, akaliachia gurudumu. Kidole cha mzee kikaanza kugonga ubao wa kitanda. Gurudumu liliposimama, kidole kikasimama, kikangoja.

"Bahati tu hiyo," alisema kaka. "Rudieni. Badilisheni zamu." Walirudia wiki nzima, kaka mwenyewe akipanga nani aanze, na kila mara kidole kilimgongea Mama, hakikumgongea fundi mwingine hata siku moja. Siku ya mwisho kaka aliliteremsha shuka, akalikunja, akafuta macho kwalo. "Hapa hahami mtu," alisema. Muuguzi akaletwa nyumbani, na cherehani ikageuzwa itazame kitanda.

Alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi, chumbani humo, Mama akishona.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu sita, dada yake mdogo, na wanafunzi wengi ambao bado wanawakera wenzao kwa swali lake.

Tulipokuwa tukiandika wasifu huu, kaka alimsomea Mama mstari wa mwisho, kwamba mzee amepumzika kwa amani. Mama akauliza, "Umejuaje?" Kisha akatujibu mwenyewe:

"Mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga asubuhi ile. Alikuwa ananigongea. Nikaliachia gurudumu, na kidole chake hakikukatika njiani, kililisindikiza mpaka likasimama. Nikaanza tena, hakuanza. Andikeni."

Basi tumeandika, na ushahidi tunao: amepumzika kwa amani.