Cheti cha Mahudhurio

Ndani ya basi, mwalimu mstaafu alimwona mama aliyeketi kando yake amekumbatia cheti kama mtoto mchanga. "Hongera, mama. Kijana kashika namba ngapi?"

"Binti. Wa thelathini na nane. Hiki ni cha mahudhurio: miaka minne hakukosa shule hata siku moja."

Ulimi hauna mfupa, na wa mstaafu hauna hata kengele ya kuusimamisha. "Aa, vyeti hivyo sisi walimu tuliwapa wasiopata kitu, wasirudi mikono mitupu."

Mama hakununa. "Mwaka jana nililazwa miezi mitano, mwalimu. Wadogo zake watatu nani aliwaogesha, nani aliwapikia, kabla hajaiwahi kengele yenu?"

Basi likasimama. Mwalimu akainuka kumpisha, akasimama wima, kama wanafunzi walivyomsimamia yeye alipoingia darasani.