Ufunguo Ambao Haukuingia Kwenye Kofia

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wenye pikipiki mliojaa pale langoni hadi gari la jeneza limekosa pa kupita, tulieni kidogo niwasomee habari za kaka yangu. Mimi ndiye mdogo wake, yule mshonaji. Wifi yangu amenipa kazi hii kwa sharti moja. Aliniambia, "Usimpambe. Mseme alivyokuwa, tutamlilia hivyo hivyo." Basi nitajitahidi, na mkiona nimenyamaza, nivumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Julai 1966, nyumbani, mkunga akiwa bado njiani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, aliyekuwa seremala, na mama yetu, ambaye yuko hapa mbele, ameegemea mto wa bluu. Mama anasema alipozaliwa hakulia sana. Aliangaza macho huku na huku kama mtu aliyetumwa kukagua chumba. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, kwa hiyo tuligombana kwa niaba ya ndugu wote ambao hatukujaliwa kuwa nao.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974 na kumaliza mwaka 1980, kisha akaendelea na sekondari hadi 1984. Darasani alikuwa wa katikati, wala hakujali. Alichokipenda ni ukiranja wa usafi. Kila Jumatatu alipita dawati kwa dawati akikagua kucha za wenzake, na hakunisaza hata mimi. Siku moja mwalimu alimshika mkono akaugeuza, kumbe kucha zake yeye zilikuwa nyeusi tititi. "Na wewe nani anakukagua?" mwalimu akauliza. "Mimi najijua, mwalimu," akajibu. Darasa zima lilicheka, na mwalimu naye akacheka, ikapita hivyo.

Baada ya mafunzo ya ufundi aliajiriwa kwenye kiwanda cha mikate mwaka 1988. Alianza kwenye mashine za kukanda, baadaye akapewa pikipiki yenye sanduku kubwa nyuma, akawa anasambaza mikate madukani kabla watu hawajaamka. Alifanya kazi hiyo hadi Desemba iliyopita. Watoto wetu walikua wakiamini kwamba harufu ya mkate wa moto ndiyo harufu ya mjomba. Jina la Breki alipewa huko huko kiwandani, kwa sababu hakuwa na salamu nyingine. Mtu akimwambia habari za asubuhi, yeye hujibu, "Breki zinasemaje?" Hata kasisi aliwahi kuulizwa hivyo mlangoni mwa kanisa, na kasisi, Mungu ambariki, akajibu kwamba zinapiga kelele kidogo.

Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992 na karani wa posta. Kaka alikuwa amepeleka kifurushi, karani akakipima, akakisukuma kurudi kwake, akasema, "Kamba hii haijakazwa, kaka. Nenda kakaze." Hakuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote maishani mwake. Kesho yake akarudi na kifurushi kingine. Kesho kutwa kingine. Wifi anasema cha tatu kilikuwa sanduku tupu, na kamba yake imekazwa barabara. Alikubali kuolewa, ila aliweka msimamo wake mapema. "Nakupenda wewe. Hilo dude lako la magurudumu mawili silipandi." Na kweli, katika ndoa yao yote hakulipanda. Kama safari ni ya wawili, basi walitembea, na kaka aliikokota pikipiki pembeni yake kama mtu anayemsindikiza ng'ombe. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na mwana ambaye anachomelea vyuma nchi ya mbali, na ndiye tuliyekuwa tunamsubiri.

Sasa nifike kwenye jambo lililowaleta wengi wenu hapa. Mwaka 2003 rafiki yake mkubwa, msambaza mikate mwenzake, alifariki kwenye mteremko wa shule. Breki zilikataa. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa ameikagua pikipiki yake mwenyewe, akafuta mikono, akasema iko safi. Kaka aliiona pikipiki hiyo baadaye. Nati moja ya breki ilikuwa imelegea, nati ambayo hata mimi na cherehani yangu ningeiona. Kwa muda mrefu hakuongea vizuri nyumbani. Halafu siku moja, wakati wa chai, akamwambia mkewe, "Mtu akikagua cha kwake, anajipa maksi za bure."

Pembeni ya nyumba yao kuna gereji ambayo aliijenga kwa ajili ya gari. Gari halijaja mpaka leo. Wifi alikuwa akiwaambia wageni, "Pale ndipo tunapoegesha matumaini." Mwaka 2004 kaka aliifagia, akatandika maboksi sakafuni, akapanga mabeseni ya mafuta ya taa ya kuoshea cheni, akakusanya miswaki ya zamani ya mtaa mzima, akaanza ukaguzi wa pikipiki kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Alhamisi ya wiki hiyo alipita vijiweni kuwakumbusha madereva, mmoja mmoja, na aliyesema ana kazi nyingi aliulizwa kama anadhani marehemu wa mteremko hakuwa na kazi. Jumamosi mlikuja. Kulikuwa na mikate ya kiwandani, na birika la chai ambalo wifi alilijaza bila kuombwa, huku akilalamika kwamba shuka zake zinanuka oili.

Utaratibu mnaujua, ila nimeuandika kwa ajili ya wageni. Kila mtu aliweka ufunguo wake ndani ya kofia ngumu nyekundu. Kofia ikazunguka. Unachota ufunguo, na pikipiki utakayoikagua ni ya mwenye ufunguo huo. Ukichota wa kwako, unarudisha. Ukimaliza kazi, mwenye pikipiki anaiwasha na wewe uliyeitengeneza unapanda nyuma, mnateremka mteremko wa shule mpaka chini, mnarudi. Kwa hiyo hakuna aliyefunga nati kwa mzaha. Nimewaona watu wazima wakikaza nati huku wakisali. Na tangu Jumamosi hizo zianze, mteremko ule haujatuchukulia mtu. Hilo nalisema kwa sauti, na ninyi ndio mashahidi.

Lakini wifi alisema nisimpambe, basi nisimpambe. Ufunguo wa kaka haukuwahi kuingia kwenye kofia ile.

Yule mnayemwita Mbishi, ambaye leo kwa mara ya kwanza amenyamaza, alimkabili hadharani. "Breki, mbona ufunguo wako hatuuoni humu?"

"Yangu mtaifanya mwisho, jua likipungua."

"Jua lilipungua mwezi uliopita pia, mzee."

"Mbishi, shika beseni."

Watu wakacheka. Jua likapungua, chai ikaisha, mkaondoka, na ya kwake ikabaki imeegemea ukuta. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka likawa jambo la kawaida ambalo hakuna aliyeliona.

Ugonjwa nao uliingia kwa njia hiyo hiyo. Mwaka juzi alianza kupumzika kila akipanda ngazi za kiwandani. Akasema ni unga kifuani. Miguu ikaanza kuvimba jioni, akasema ni viatu, akanunua vipana zaidi. Usiku akawa analala kwa kuegemea mito, akasema mgongo. Kila dalili ilipata jibu, jamani, na majibu yote aliyatoa yeye. Binti yake alikuja na mashine ya kupimia presha, akamwambia, "Baba, nipe mkono." Baba akauficha mkono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. "Wewe ni mwanangu, utanipa maksi za bure. Si ndiyo sheria yangu?" Binti akamwambia basi aende akapimwe na mtu asiyemjua. Akasema ataenda, wiki hii ina kazi nyingi. Binti alitoka pale akaja kwangu akalia, juu ya kitambaa cha mteja.

Tarehe 11 Januari mwaka huu alianguka gerejini akiwa amebeba beseni. Alipelekwa hospitali, na wauguzi na madaktari wakamhudumia kwa upendo ambao familia haitausahau. Daktari alitueleza kwamba moyo ulikuwa umechoka na kupanuka kwa sababu ya presha aliyoishi nayo miaka mingi. Alimuuliza mgonjwa kama hakuwahi kujisikia vibaya. Kaka akasema alijiona yuko sawa. Mimi uvumilivu ukanishinda. Nikamwuliza, mbele ya daktari, "Nani alikukagua?"

Alinigeukia. Alikuwa na mirija puani, na zile kucha zake nyeusi juu ya shuka nyeupe. "Mwenyewe," akasema. Wifi akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, tukalia wote watatu pale kitandani, na daktari akatoka nje akatuachia chumba. Namkasirikia mpaka leo. Nitaendelea kumkasirikia kwa muda, na yeye ananijua, hatashangaa.

Alifariki Alhamisi, tarehe 1 Februari 2024, mchana, akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Ilikuwa siku yake ya kupita vijiweni.

Jioni hiyo wifi alifunga gereji kwa kufuli na kusema mbele yetu sote kwamba haitafunguliwa tena. "Alikuwa na macho ya kumwona kila mtu isipokuwa mimi na yeye mwenyewe," alisema. "Wachukue vitu vyao, waende." Binti akamsihi, akasema madereva wataanza tena kujikagua wenyewe, na yeye ndiye atakayewapokea zahanati. Mama yake akaingia ndani na ufunguo wa kufuli.

Jumamosi, tarehe 3, mlikuja. Sijui nani aliwaambia mje. Mlizima injini mbali na nyumba, mkazikokota pikipiki hadi getini, mkasimama, na kofia nyekundu ameishika Mbishi. Msiba ulikuwa umejaa uani. Wifi alipotoka ndani, tulijua anakwenda kuwafukuza. Alipita katikati yenu, akafungua kufuli, akavuta mlango, akatazama pikipiki iliyoegemea ukuta. Kisha akatoa ufunguo wa mumewe kwenye fundo la kanga na kuutumbukiza ndani ya kofia.

Kofia ilizunguka. Kila mkono ulioingia ulitoka na ufunguo mwingine. Tusione haya kusema kweli, hakuna aliyetaka kuushika ule. Kofia ikarudi kwake ikiwa na ufunguo mmoja tu.

"Haya basi," alisema. "Nimeuchota mimi."

Alikaa juu ya boksi na nguo zake za msiba. Mbishi alimwelekeza, ingawa mara mbili wifi alimrekebisha, maana miaka yote ile akimimina chai macho yake hayakuwa kwenye birika. Walipofungua gurudumu la nyuma tuliona wote. Breki za Breki zilikuwa zimelika mpaka chuma kinasaga chuma. Mwanamume aliyewauliza watu wote habari za breki. Mbishi alikaa chini akashika kichwa, akasema, "Mzee, tungekulazimisha." Wifi akamwambia, "Nipe spana, mwanangu. Utalia tukishafunga." Alifunga mpya, akakaza, akamwita bintiye aje ajaribu kulegeza, na binti hakuweza.

Leo asubuhi nyote mmeona kilichofuata nyuma ya gari la jeneza. Binti ndiye aliyeiendesha pikipiki ya baba yake. Na nyuma, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, alikaa aliyeitengeneza. Alikuwa amefumba macho na amemkumbatia mwanawe kiunoni kwa nguvu zake zote. Waliteremka mteremko wa shule polepole. Walipofika chini binti alikanyaga breki, na pikipiki ikasimama.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja anayewasomea haya, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na nyinyi wenye funguo. Familia inawashukuru waliomuuguza, waliokesha nasi, na waliochimba hapa tangu alfajiri. Mjane ameniagiza niseme kwamba Jumamosi ya kwanza ya Machi gereji itakuwa wazi. Ufunguo wake utakuwemo kwenye kofia. Binti na muuguzi mwenzake watakaa mlangoni na mashine ya presha, na mtu asipotoa mkono, ufunguo wake haupokelewi. Atakayesema anajijua, ataletwa kwangu.

Kaka, umewafungia wengi breki, na mteremko umeisha. Leo hutakagua kitu. Pumzika, kaka yangu, pumzika kwa amani.