Ngosha wa Sahani Ndogo

Wasikilizaji wapendwa, mwadila. Mlioko Mwamapalala, mlioko Lingeka, mlioko Mwamanyili, na ninyi wa hapa mjini mnaofunga maduka saa hizi, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mzee Masalu Maige.

Mzee Masalu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba. Alifariki dunia wiki iliyopita nyumbani kwake Malambo, Bariadi mjini, akazikwa kwao Mwamapalala. Ameacha mjane, Mama Nyanjige, watoto na wajukuu. Ameacha pia sanduku la santuri za zamani za soul na za ridhimu na bluzi, muziki wa Wamarekani weusi wa miaka ya hamsini na sitini. Kama uliwahi kupita Malambo Jumapili mchana ukasikia tarumbeta na watu wakiitikiana kwa Kiingereza, basi ulipita kwake.

Haya tunayosimulia tumeyapata kwa Mama Nyanjige mwenyewe. Tulimkuta amekaa mkekani na ndugu waliobaki msibani. Tulianza kumpa pole kwa kirefu, akatukatiza.

"Kulia nimelia," alisema. "Sasa nataka mtu anisikilize."

Tukasikiliza.

Masalu alianza kazi kiwandani akiwa kijana. Mhandisi mmoja aliyekuwa anahama alimwachia gramafoni ya betri, ile mashine ya kupigia santuri, pamoja na santuri zake. Sahani kubwa zilijaa sanduku. Sahani ndogo ilikuwa moja tu. Hiyo ndogo mchwa walikuwa wameshaitafuna karatasi ya katikati, yenye jina la wimbo na jina la mwimbaji, kwa hiyo hakuna aliyejua nani anaimba. Lakini sauti ilikuwa ya mwanaume. Sauti nzito, ya taratibu, inayoyaburuta maneno kama mtu aliyetoka kuzika. Masalu na wenzake wakampa jina. Wakamwita Ngosha, yaani mwanaume, na hivyo ndivyo alivyojulikana.

Wakati huo Nyanjige alikuwa binti wa Lingeka, kule Meatu, na baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe hasa. Masalu alikwenda kuposa, gramafoni ameifunga kwenye keria ya baiskeli. Baba mtu hakuvutiwa. Alimwona ni kijana wa grisi, hana hata ndama wa kusingiziwa. Kwa kukosa la kufanya, Masalu akaweka ile sahani ndogo kwenye mashine. Nyanjige alikuwa jikoni anasonga, akauacha mwiko ndani ya ugali akaja kusimama mlangoni. Mpaka leo anasema ugali ule uliungua na hajutii.

Mzee alisikiliza ameegemea fimbo yake, akaomba irudiwe.

"Huyu mwanaume amepatwa na nini?" akauliza.

"Sijui, baba. Kiingereza chake kinanishinda."

"Na unamsikiliza kila siku?"

"Kila siku."

Mzee akafikiri. "Mtu anayeweza kukaa kimya mwenzake analia, ataweza kukaa na binti yangu."

Ng'ombe wa mahari hakupunguza hata mmoja, lakini ndoa ilifungwa. Hapa Mama Nyanjige anacheka kidogo. Anasema wenzake waliolewa kwa barua ya posa, yeye aliolewa kwa Ngosha.

Wasikilizaji wapendwa, nyumba ile ikawa kijiwe cha wapenzi wa santuri. Kila Jumapili, baada ya ibada, walikuja na viti vyao. Sheria ya Mzee Masalu ilikuwa moja: sindano ikishagusa sahani, mtu haongei. Hata kama nyumba inaungua, alisema, subiri wimbo uishe. Ubishi ulikuwa baadaye, na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu. Walibishania ngoma, walibishania tarumbeta, walibishania wale waitikiaji wa nyuma, ambao Masalu alisema wanaimba kama kwaya iliyotoka kanisani ikapitia kilabuni.

Zaidi ya yote walimbishania Ngosha. Mzee Bundala, dereva wa trekta aliyekuwa hakosi Jumapili, anakumbuka. "Mimi nilisema ng'ombe wake wamekufa kwa ukame. Masalu akasema hapana, huyu mkewe karudi kwao. Kizungu chenyewe hatukijui, lakini tuligombana kabisa!"

Mwingine aliyekuwa hakosi ni Novatus. Mlikumbuke jina hilo. Novatus ni mkulima wa mpunga wa Mwamanyili, wilayani Busega. Ujanani alipiga santuri kwenye ukumbi wa dansi Mwanza, akarudi kijijini na gramafoni nzuri na santuri zake za soul. Alikuwa akitoka Mwamanyili mpaka Bariadi kwa ajili ya muziki tu. Masalu alikuwa na ndugu zake wa damu, lakini Jumapili macho yake yalikuwa barabarani akimngoja Novatus.

Sasa tuje kwenye siku iliyoharibu mambo.

Kwetu hapa, pamba ikishauzwa, ngoma zinashindanishwa. Kundi la Wagika upande huu, kundi la Wagalu upande ule, uwanja mmoja, saa ileile. Hakuna jaji. Watu wenyewe ndio jaji. Wakikuhama wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, kunja ngoma zako. Mwaka mmoja, miaka ya themanini, vijana wa Mwamapalala waliwachokoza wale marafiki wawili. Kama kweli mnajua santuri, walisema, shindaneni kama wanaume wa ngoma. Wakakubali. Kila mmoja akaweka gramafoni yake na spika ya kuazima upande wake wa uwanja.

Novatus alianza vizuri. Alipiga zile za kuchangamka, na watu wote wakawa kwake, vumbi mpaka juu. Masalu alibaki na mkewe na Bundala. Ndipo akatoa sahani ndogo. Ngosha akaanza kulia kwenye spika, taratibu, na watu wakaanza kugeuza shingo. Wakaja mmojammoja, kisha wakaja kwa makundi. Akina mama wakakaa chini kabisa, mikono shavuni. Wimbo ulipoisha, upande wa Novatus hapakuwa na mtu.

Novatus aliuvuka uwanja. Mbele ya watu wote akasema, "Masalu, gramafoni yako imekwama. Huyo Ngosha wenu ni mwanamke."

Tueleze kidogo, kwa wale waliozaliwa na simu mkononi. Sahani kubwa huzunguka polepole. Sahani ndogo huzunguka haraka. Gramafoni ina swichi ya kubadilisha mwendo. Swichi ya Masalu ilikuwa imekwama kwenye polepole tangu siku aliyoachiwa mashine, na ukipiga sahani ndogo kwa mwendo wa kubwa, sauti inashuka, binti anakuwa mzee. Novatus aliichukua ile sahani akaipiga kwenye mashine yake. Ikatoka sauti nyembamba ya msichana, inakwenda mbio, tena imechangamka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mtu mmoja akapaza sauti: "Fundi mzima, hajui mwendo wa mashine yake!"

Neno lile lilimchoma. Masalu alikuwa akisikia mtambo wa pamba ukipunguza mwendo hata akiwa kantini, na kiwanda kizima kililijua hilo. Alichukua sahani yake, akafunga mashine kwenye baiskeli, akaondoka bila kuaga. Na lililomuuma zaidi si kicheko. Lililomuuma ni kwamba Novatus alikaa kwake Jumapili zote zile, akisikiliza, akijua.

Nyumbani, Mama Nyanjige alimwona anaifungua ile gramafoni. Akaingiza bisibisi, akaitazama swichi, kisha akarudishia skrubu zote kama zilivyokuwa.

"Umeona ubovu?" mkewe akamuuliza.

"Haina ubovu," akajibu.

Tangu siku hiyo Ngosha aliendelea kuimba polepole katika nyumba ile. Novatus hakuja tena. Wala Masalu hakumtaja. Viti vya Jumapili vilipungua kimoja kimoja, wengine kwa uzee, wengine kwa mauti, akabaki Bundala.

Mwaka huu Mzee Masalu aliugua moyo, miguu ikavimba, pumzi ikawa ya shida. Hospitali walimruhusu apumzike nyumbani, na familia ilielewa maana yake. Gramafoni nayo ilishakufa, mota imeungua. Binti yake, Benedikta, alijitahidi. "Nilimwekea nyimbo za zamani kwenye simu, nyingi tu," anasema Benedikta. "Akanishukuru: wabeja, mwanangu. Lakini alikuwa anamtaka Ngosha. Na Ngosha hayumo kwenye simu. Utamtafutaje mtu asiye na jina?"

Mzee alimwulizia Ngosha mchana, alimwulizia jioni. Hakuomba dawa wala chakula. Mama Nyanjige alijua kuna gramafoni moja tu nzima anayoifahamu, na alijua iko kwa nani. Basi asubuhi moja alimuaga mumewe kwamba anakwenda sokoni, akapanda gari la Lamadi, akaunganisha mpaka Mwamanyili.

Alimkuta Novatus kwenye mfereji ananawa matope.

"Mwadila, shemeji," akasema.

Novatus alisimama, maji yanamdondoka. "Mwadila. Masalu amekufa?"

"Hajafa. Gramafoni ndiyo imekufa. Anamtaka Ngosha."

"Amekutuma?"

"Hajui kama nipo hapa. Akijua atanifokea, na siku hizi hana pumzi ya kufoka."

Novatus akakaa ukingoni mwa mfereji. "Shemeji, mimi nilijua tangu Jumapili ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu niliwaona mnavyompenda. Hata mimi nilimpenda. Siku ile nimeshindwa, nimeona aibu, mdomo ukanitoroka."

"Hayo utamwambia mwenyewe," Mama Nyanjige akamjibu. "Beba mashine."

Walifika Malambo alasiri. Mama Nyanjige anasema njia nzima alikuwa anaogopa, kwa sababu alimjua mumewe. Kama angegeuza uso ukutani, basi angekufa na kinyongo chake, na yeye ndiye angekuwa amemletea hicho kinyongo mpaka kitandani. Aliingia wa kwanza. Novatus akafuata, gramafoni kifuani.

Masalu alimtazama yeye, akaitazama mashine. Kisha akasema, "Jumapili hii umechelewa."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Novatus aliweka mashine juu ya kigoda. Bila kuambiwa, akasogeza swichi kwenye polepole. Masalu akainua kidole. "Hapana. Mpe mwendo wake. Leo nataka nimsikie yeye."

Wakampiga kwa mwendo wake. Yule msichana akaimba, mwepesi, mchangamfu. Katikati ya wimbo Novatus alifungua mdomo. "Masalu, siku ile pale uwanjani mimi..." Masalu akaweka kidole mdomoni. Sindano ilikuwa kwenye sahani. Mtu haongei. Novatus akanyamaza, machozi yakimtoka, na Mama Nyanjige anasema hapo ndipo woga ulipomwisha.

Wimbo ulipoisha, Masalu alisema, "Anaimba vizuri, binti wa watu. Tumemwita mwanaume muda wote huu na hajalalamika." Alicheka, akakohoa. "Haya. Sasa nirudishieni Ngosha."

Wakamrudishia. Bundala aliitwa, akaja na kiti chake. Walimsikiliza mpaka giza lilipoingia, na hakuna aliyebishana. Novatus alilala palepale, akabaki siku zilizofuata. Mzee Masalu alifariki Jumapili, wenzake wote wawili wakiwepo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yenu tunampa pole Mama Nyanjige, Benedikta na ndugu zake, na ukoo wote wa Maige wa Mwamapalala. Pole pia kwa Mzee Bundala na Mzee Novatus. Mungu amlaze Mzee Masalu mahali pema. Na wewe unayetusikiliza, fikiri kidogo. Huenda yupo mtu mliyependa naye kitu kimoja, mkagombana juu ya kitu hichohicho. Kama bado ana pumzi, nenda kamwone.

Mzee Novatus yupo hapa studio. Amekuja na gramafoni yake na ile sahani ndogo, na mkono wake uko kwenye swichi. Mama Nyanjige yuko Malambo, redio iko mapajani mwake. Kabla ya kuingia hewani Novatus alimpigia simu kumuuliza: shemeji, haraka au polepole?

Jibu lake lilikuwa fupi. "Polepole. Mimi niliolewa na yule."

Basi sindano inashuka. Fundi mitambo wetu wa hapa studio hajakosea, msitupigie simu. Na kuanzia sasa, mtu haongei.